Mkono wa Bibi Cherehani

Wagonjwa walimwita Mama Mazoezi. Mwenzake aliitwa Pacha, kwa sababu tangu chuoni wawili hao walikuwa chanda na pete: walikula sahani moja, walivaliana makoti ya kazi, na aliyechelewa alisitiriwa na mwenzake. Katika chumba chao cha tiba ya viungo kulikuwa na sheria ambayo Mama Mazoezi aliihubiri mpaka watu wakamcheka. Kabla ya kumwekea mgonjwa mfuko wa moto wa kulegeza misuli, mguse ngozi kwa chupa ya maji baridi, kisha ya vuguvugu. Asiyeweza kutofautisha, hawekewi.

Bibi Cherehani hakuweza. Kiharusi kilimnyang'anya maneno kikamwachia tabasamu, na mkono wa kulia ulioshona magauni ya maharusi wengi sasa ulining'inia tu. Aliambiwa mengi, akaelewa machache. Kila asubuhi Mama Mazoezi alikaa mbele yake, akanyoosha kiganja.

"Haya bibi, nifikie!"

Bega lilitikisika, kiwiko kikagoma.

"Basi, kesho. Mimi siendi popote."

Siku moja aliitwa wodini ghafla, akamwachia Pacha mgonjwa. Jioni, mwana wa bibi alikuta malengelenge begani mwa mama yake.

Kesho yake asubuhi Pacha alimvuta Mama Mazoezi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, machozi yakimtiririka.

"Ni mimi, dada. Foleni ilikuwa ndefu, bega lake limekaza, nikasema nimwekee mfuko kidogo tu. Sikumpima. Simu ikaita, nikatoka. Usiniseme, nitasema mwenyewe."

"Sema, nami nitakuwa ubavuni mwako." Akamfuta machozi kwa upindo wa koti lake. Huruma nyingine ni ujinga mtupu, lakini utajuaje mapema?

Mkuu wa kitengo aliwaita pamoja. Mwana wa bibi alikuwa amekaa pale, taya zimemkaza, na bibi kwenye kiti chake cha magurudumu, bendeji begani. Mwenye kosa angepelekwa kwenye baraza la taaluma, na baraza likishakunyang'anya leseni, hurudishiwi kwa kulia.

"Nani alimwekea mfuko?"

Mama Mazoezi alimtazama Pacha, akimpa nafasi yake. Pacha alikohoa.

"Mkuu, mimi nilimkuta tayari anao begani. Dada alikuwa ameshatoka kwenda wodini. Sipendi kusema, lakini..."

Macho makavu, kama si yeye aliyelia asubuhi ile. Mama Mazoezi alimgeukia.

"Pacha! Si umeniambia mwenyewe?"

"Nimekuambia nini, dada?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kinauma kiasi gani.

"Tumuulize mama," mwana akasema, akainama. "Mama, nani alikuchoma? Tuonyeshe."

Bibi alizitazama nyuso moja moja, haelewi kitu. Alipomfikia Mama Mazoezi akatabasamu. Bega likatikisika. Kisha kiwiko, kile kikaidi, kikanyooka, na mkono ukapanda polepole, vidole vikitetemeka, ukamwelekea yeye.

"Umeweza, bibi! Umeweza!" Maneno yalimtoka kabla hajajizuia, furaha tupu. Halafu akauona uso wa yule mwana.

"Hapana, hilo ni zoezi! Kila asubuhi namwambia anifikie. Pacha, unalijua, unakuwepo kila siku. Waambie!"

Pacha aliangalia sakafu. "Mimi naona bibi ameonyesha."

Mkuu alivua miwani. Hakumwangalia tena Mama Mazoezi.

Mkono wa bibi ulikuwa bado hewani, ukingoja kiganja. Mama Mazoezi akanyoosha chake, kwa mazoea.

"Usimguse mama yangu," mwana akasema, akaushusha mkono, akaulaza mapajani.

Bibi akaunyanyua tena.