Kiti cha Dirishani na Matufaha ya Mdalasini

Naapa kwa meno yangu yote, yaliyobaki mdomoni na yale yanayolala kwenye glasi, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu tangu tufaha la kwanza hadi la mwisho. Kama kuna chumvi nimeongeza, basi ni ile chembe moja niliyotia kwenye kikaango, na nitaitaja tukifika.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kiti. Kiti changu kilikaa penye dirisha la sebuleni, ghorofa ya pili, mikono yake ya mbao imelika kwa viwiko vyangu. Kutoka hapo naliona bomba la moshi la kiwanda cha kufulia nguo, ambako nilikuwa fundi wa boila kwa miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi nilikaa na chai yangu nikatazama moshi, nikamtukana kimoyomoyo bwana aliyeshika nafasi yangu. Moshi ukiwa mweusi, anachoma mafuta ovyo. Usipokuwapo kabisa, amelala. Sisi tuliandika joto na mvuke kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba cha boila, kila nusu saa, maana karatasi zililowa. Yeye nasikia ana kioo cha kompyuta kinachomwandikia. Mtu aliyestaafu anahitaji kitu cha kudharau kila siku kama wengine wanavyohitaji dawa ya presha, na mimi dozi yangu ilikuwa kwenye lile bomba.

Basi mkwe wangu akapatamani hapo mahali. Yeye na binti yangu walihamia kwangu mwaka juzi, na tangu siku hiyo nyumba ni yangu lakini mwenye nyumba ni binti yangu. Mkwe anafanya kazi duka la dawa na anasomea mtihani wa kumpandisha cheo. Alitaka meza yake iwekwe dirishani kwa sababu taa ya sebuleni inamuumiza macho. Macho gani? Macho yenyewe madogo kama tundu za vifungo, mwanga ungeingilia wapi?

Sina chuki naye. Namdharau tu, na hilo ni jambo jingine kabisa, lina utulivu wake. Ni mtu wa kupima. Majani ya chai anapima. Sabuni ya kufulia anapima. Akinisalimu asubuhi hunitazama juu hadi chini kama anayetafuta tarehe yangu ya mwisho wa matumizi.

Jumapili moja akasema atatutengenezea kitindamlo. Ndivyo alivyosema, kitindamlo, na midomo akaibana kama anayelamba stempu. Kitindamlo chenyewe kilikuwa matufaha yaliyokaangwa kwa siagi, sukari na mdalasini. Akatoa mizani yake ndogo, akatandika kipande cha karatasi, akaanza kudondosha mdalasini kwa ncha ya kisu, chembe kwa chembe, huku amezuia pumzi.

"Huyo mgonjwa anaendeleaje?" nikamuuliza.

"Mgonjwa gani, baba?"

"Unayempimia hiyo dozi. Naona hali yake ni mbaya."

Binti yangu, aliyekuwa anamenya tufaha la tatu, akanitazama. "Baba, si uende ukakae."

"Nakaa wapi, na kiti changu mmekwisha kukigawa?"

"Hakuna aliyekigawa," mkwe akasema, jicho kwenye mizani. "Tumeomba. Gramu mbili. Ikizidi inakuwa chungu."

Gramu mbili. Nikawaeleza, kwa upole wangu wote, kwamba mwaka ule boila kubwa lilipofungwa kifuniko kipya, niliwachomea matufaha ya mdalasini wafanyakazi mia mbili juu ya kifuniko hicho, kwa beleshi, bila mizani wala kijiko, na harufu ikafika hospitali ya ng'ambo ya barabara, wagonjwa wakakataa kuruhusiwa kurudi nyumbani. Madaktari walikuja kunisihi nipunguze.

"Mwezi uliopita ulisema walikuwa wafanyakazi themanini," binti yangu akasema.

"Wengine walikuwa likizo. Mimi kipimo changu ni pua. Huyu mumeo akinyang'anywa mizani hata kunywa maji hawezi, hajui kiasi."

Mkwe akaweka kisu chini taratibu. "Baba, kwa hiyo wewe unaweza kupika hiki kitu bila kupima chochote?"

"Usingizini."

"Na kikawa kizuri kuliko changu."

"Mkwe wangu, hata kikiungua kitakuwa kizuri kuliko chako."

Nilikwisha sema. Binti yangu akapangusa mikono, na nilipoona anavyoipangusa, kidole kwa kidole, nikajua nimeingia mtegoni. Huyu ndiye aliyerithi akili ya mama yake.

"Jumapili ijayo, basi," akasema. "Kila mtu apike chake. Baba hapimi. Hakuna mizani, hakuna kijiko, hakuna kutazama saa. Ukishinda, kiti hakitaguswa tena na mizani itatoka jikoni mwangu. Ukishindwa, au ukipima, kiti kinahama siku hiyohiyo."

"Na aonje nani?" mkwe akauliza. "Mimi na wewe hatufai."

"Bibi wa juu."

Bibi wa juu ni fundi cherehani mstaafu anayekaa ghorofa ya tatu. Ana sifa moja mbaya sana: hasemi uongo. Si kwa sababu ya uchaji. Ni uvivu tu, uongo unahitaji kukumbuka. Nilitaka kumkataa, ila sikuwa na sababu ya kutoa. 

Wiki ile niliishi kama kawaida yangu. Wao wakitoka saa mbili asubuhi kwenda kazini, mimi nakaa kitini, natazama moshi, nadharau, nakunywa chai, nasinzia. Jikoni niliingia kuchemsha maji tu. Tufaha sikuligusa. Mtu mwenye pua kama yangu afanye mazoezi ya nini?

Jumapili ikafika. Mkwe alianza yeye, na sitawachosha. Alivaa aproni. Kila kipande cha tufaha kilikuwa na upana wa mwenzake kana kwamba wameshonewa sare. Akakaanga huku ametazama saa, akageuza vyote kwa mpigo, akapakua. Chakula kilichopikwa kwa namna hiyo hakiliwi, kinatiwa sahihi.

Zamu yangu ikaja. Nikafumba macho. Siagi nikaikata kwa kisu bila kutazama, ikadondoka kwenye kikaango ikaanza kunong'ona. Nikangoja hadi kelele ya siagi ikatulia, nikamwaga matufaha, sukari kwa kiganja, limau matone mawili. Nikavuta hewa kwa pua, taratibu, kama mtu anayesikiliza mbali. Mdalasini nikaubana kwa vidole vitatu nikaunyunyiza, mara nne. Halafu ile chembe ya chumvi niliyowaahidi. Matufaha yakalainika kingo yakabaki magumu katikati, rojo ikawa nzito ya rangi ya asali, na nyumba nzima ikanukia hata mkwe akasahau kunidharau kwa muda wa dakika nzima. Nikazima moto.

"Umejuaje yameiva?" akauliza.

"Yameniambia."

Bibi wa juu akabisha hodi, akakaribishwa sebuleni. Mkwe, kwa vile ni mtu wa taratibu, akasema mlango wa jikoni ufungwe ili bibi asione nani amepakua sahani ipi. Mlango wa jikoni kwetu haufungwi. Umelala wazi ukutani miaka nenda rudi, mtungi wa gesi wa akiba umeuegemea.

"Acha wazi," nikasema. "Joto litatuua."

"Ni dakika moja tu, baba."

"Mtungi ule mzito. Utajivunja mgongo, na mtihani unao. Mfunge bibi macho kwa kitambaa, yaishe."

Wakanitazama, lakini bibi akafungwa kitambaa, na mwenyewe akafurahi, akasema tangu harusi yake hajafungwa macho na mtu, na ile siku ilikuwa kwa makosa. Akapewa sahani ya kwanza. Akatafuna.

"Safi," akasema. "Kama hospitali."

Akapewa ya pili. Akatafuna kipande kimoja, akaongeza cha pili bila kuambiwa, akakwangua rojo kwa kijiko hadi sahani ikalia.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo. Imekaa vizuri hata kuliko ile ya Jumanne. Ile ya Jumanne mdalasini ulinikwaruza koo."

 Nilisikia jokofu likinguruma jikoni, nikatamani liongeze sauti.

"Jumanne ipi, bibi?" binti yangu akauliza, taratibu sana.

"Umri," nikamnong'oneza mkwe. "Anachanganya siku, maskini."

Bibi akavua kitambaa. "Nachanganya nini? Nina miaka sabini na sita, masikio yangu mazima. Sahani tano umeniletea wiki hii, Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku saa nne. Ukaniambia binti yako ndiye anajifunza, nisimwambie kitu, anaona aibu." Akamgeukia binti yangu. "Ya Jumatatu, mwanangu, samahani, nilimwaga."

"Ni sawa, bibi," binti yangu akasema. "Asante kwa subira."

Nikaona bado naweza kujiokoa. Nikasema sikatai, nilikaanga vitufaha viwili vitatu ili pua isilale, lakini masharti yalikuwa kupima, na kupima sikupima, naapa kwa meno yangu. Hapo nikamgeukia mkwe. Alikuwa anautazama mlango wa jikoni. Mtu wa kupima ana ubaya huo, kitu kikizidi kidogo anakiona, na mimi nilikuwa nimeuhurumia mgongo wake kupita kiasi. Akaingia jikoni, akausogeza mtungi kwa mguu bila taabu yoyote, sote tukamfuata, akaufunga mlango.

Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wangu, kwa chaki nyeupe, mistari imenyooka.

Akausoma kwa sauti. Sauti yake ya dukani, ile ya kusoma vyeti vya daktari.

"Jumatatu. Moto umewashwa saa tatu na dakika tano. Matufaha matatu. Mdalasini vijiko viwili vya chai. Umezimwa saa tatu na dakika ishirini na nane. Chungu. Jumanne. Mdalasini kijiko kimoja. Dakika kumi na saba. Bado mkali. Jumatano. Sukari imeungua, uzembe wa mwendeshaji." Akatua. "Mwendeshaji ni nani, baba?"

"Endelea kusoma," binti yangu akasema.

"Alhamisi. Mdalasini nusu kijiko. Dakika kumi na moja. Chumvi chembe. Ijumaa, kama Alhamisi, limau matone mawili. Nyama ya tufaha imara, rojo nzito. Hakuna hitilafu. Zamu ya asubuhi." Na chini yake sahihi yangu, ile ya kazini, yenye mkia.

Ningefanya nini? Miaka thelathini na mmoja, mtu ukiwasha moto unaandika. Mkono uliandika wenyewe, mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Nilikusudia kufuta Jumamosi, lakini Jumamosi wao hawaendi kazini.

"Lakini leo sikupima," nikasema. "Mmeniona. Vidole vitatu."

Mkwe hakubisha. Alikuwa ameusogelea mlango, uso karibu uguse chaki, na cha ajabu hakuwa akicheka. Alikuwa anasoma kama mtu anayesoma.

"Hii nusu kijiko," akauliza, "ni ya kujaa au ya kusawazisha?"

"Ya kusawazisha. Kwa mgongo wa kisu," nikasema. "Halafu nikaihamishia kwenye vidole, mibano minne nikaipima hadi ikawa ileile kila..."

Nikafunga mdomo, lakini yalikwisha toka. Bibi wa juu, aliyekuwa anamalizia sahani ya mkwe kwa kuihurumia, akasema, "Ala," kisha akaendelea kula.

Kiti nilikihamisha mwenyewe. Sikukubali kusaidiwa. Nikakiburuta kutoka dirishani hadi ukuta wa ndani, na sakafuni pakabaki madoa manne meupe palipokuwa na miguu yake. Sasa nikikaa naona mlango wa jikoni na kisogo cha mkwe wangu, ambacho si kitu cha kutazama. Nilimuuliza moshi ukoje leo. Akainua kichwa, akachungulia nje.

"Upo," akasema.

Upo. Miaka thelathini na mmoja ya moshi, na mtu amekalia dirisha anakuambia upo.

Nikainuka kwenda kuufuta ule mlango. Binti yangu alikuwa amesimama mbele yake.

"Haufutwi," akasema. "Ndiyo mapishi yetu hayo. Ila kuna mstari haujaandikwa. Jumapili, kiti kimehamishwa saa tisa na dakika ishirini."

"Mimi sina chaki."

 Alinyoosha kiganja tu, kama mama yake. Nikaitoa mfukoni mwa shati, nikaandika, nikatia sahihi yenye mkia.