Karatasi ya Chini ya Pai

Bwana Garbutt, muuza vitabu wa mjini York, aliyachukua bila ruhusa mapishi yaliyoandikwa na mpishi Tabitha Scaife akayachapa kitabu kwa jina la bibi wa kitajiri ambaye hajawahi kuzaliwa. Tabitha alipomwendea kudai haki yake, Garbutt alimcheka. "Rudi jikoni, mama. Nani atanunua kitabu cha mpishi?"

Tabitha alimeza machungu. Lakini kipimo cha hamira ya mikate hakuwahi kukiandika. Alikijua kwa mkono. Basi mikate ya wanunuzi ikatoka migumu kama mawe, kitabu kikamdodea Garbutt, naye akaziuza kurasa zake kwa waoka pai, ambao hutandika karatasi taka chini ya pai zao.

Tabitha alizinunua zote. Jumapili, Garbutt akiwa na wageni, alimpelekea pai ya njiwa. Garbutt alidhani amekuja kuomba yaishe, akaipokea. Wageni walikula mpaka wakalamba vidole. Sahani ikabaki na karatasi iliyolowa mafuta, ukurasa wa mbele wa kile kitabu, jina la Garbutt mchapaji likisomeka wazi.

"Pai hii kaipika nani?" mmoja aliuliza.

"Mimi," alisema Tabitha, bado yuko mlangoni. "Mwenyeji wenu katoa karatasi tu."