Waya wa Babu Mshamu

Waya za maabara zilikwisha kabla zamu ya Siti haijafika, kwa hiyo Mwalimu Maneno aliwaambia waliobaki walete waya wowote kutoka nyumbani, mradi uwe mrefu na usiwe na kutu. Siti alileta waya wa babu Mshamu. Ulikuwa ukining'inia juu ya mlango wa baba yake, Mzee Zaidi, huko Mchukwi, na kila mtu alijua kwamba babu aliukata kwenye simu ya Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji. Katikati ulikuwa na fundo. Fundo lile lilikuwa la dua, ndiyo maana kila hitima lilipakwa mafuta ya nazi na kufukizwa udi.

Siti aliunyoosha juu ya rula ndefu, akaunganisha betri na mita, akaanza kusogeza kibanio. Ukinzani ulipanda taratibu kadiri urefu ulivyoongezeka, kama inavyotakiwa. Kibanio kilipovuka fundo, mshale uliruka.

"Hapa pameungwa," alisema Mwalimu Maneno, akikwangua masizi kwa ukucha. "Tazama ulivyosokotwa. Hii si dua, mwanangu, hii ni kazi ya fundi simu."

Umeme ukiwa bado unapita, watu waliingia maabara, wameloa chapachapa, wamejifunga mabua ya mtama kichwani. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Mwalimu aliwaomba wasisogelee soketi, maana walikuwa wakichuruzika maji.

"Tuliokata ni sie," alisema bibi mmoja. "Mshamu kauunga jioni ileile, kapewa doti ya kaniki. Wajerumani wakaitana kwa simu, asubuhi askari hao, wakatuchoma."

Siti alizima swichi. Wakabaki wamesimama. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, kwa sababu hitima ya babu ilikuwa Ijumaa hiyo, na mchele wake huchaguliwa kila mwaka na jirani yao, Bi Kijakazi. Ukoo wa Bi Kijakazi karibu wote uliteketea siku ile askari walipofika, naye humwombea Mshamu kwa machozi, akiamini alijaribu kuwaokoa.

Nyumbani alimweleza baba yake yote. Mzee Zaidi alisikiliza bila kumkatiza.

"Najua," alisema. "Marehemu baba aliniambia. Sasa ukimwambia Kijakazi, unataka sie tuhamie wapi?"

Kisha akauliza kama udi umeshanunuliwa.

Ijumaa, baada ya sala, wale watu walikuja kwenye hitima. Waliokuwa wameketi walisogea kuwapisha, na Mwanamina, mama yake Siti, akatandika jamvi jingine kwa sababu la kwanza lilikuwa limelowa. Shehe alimtaja Mshamu, akamwita shujaa. Wageni hakuwataja, kwa kuwa hakuna aliyempa majina yao.

Bi Kijakazi alimpelekea sinia yule bibi wa maabara.

"Kula, bibi," alimwambia. "Sura yako ya kwetu kabisa. Nani kakualika?"

Bibi alimgeukia Siti, akangoja. Mzee Zaidi naye alimtazama Siti.

Siti akainama na birika na beseni. Akamnawisha bibi mikono, akamnawisha na Bi Kijakazi, akapita kwa mtu mwingine.