Sketi ya Wifi na Kidole Changu

Kazi yangu ni kutia rangi nguo. Nguo ikipauka unaniletea, naichemsha kwenye sufuria ya uani, inatoka utadhani imeshuka dukani leo. Ndiyo maana siku moja kabla ya uchaguzi wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kwangu na sketi kaiviringisha kwenye gazeti, anatazama nyuma kama mtu aliyeiba. Chama chake kilikuwa kimemteua wakala, akae kituoni kulinda kura zao, naye alishawatangazia majirani wote kwamba kanunua sketi mpya. Akaniomba niitie rangi nyeusi na nifunge mdomo. Nikamwahidi.

Tulikuwa hatuelewani kampeni nzima kwa sababu ya udiwani. Yeye na mgombea wake, mkandarasi, mimi na wangu, mkunga. Mkandarasi alisema wazi kwamba bomba la maji la uchochoroni kwetu litang'olewa malori yapite. Mkunga alisema halitang'olewa. Bila bomba lile, sufuria yangu ingebaki ya kulalia kuku. Kwa hiyo kura yangu ile niliibeba kama yai. Lakini wifi ni wifi, sketi yake nikaichemsha.

Sasa, glavu yangu ya kushoto ilikuwa imetoboka kwenye kidole cha shahada. Nilikuwa naliona lile tundu, nikalipuuza, mawazo yote yako kwenye kura. Nilipovua, kidole kimoja kilikuwa cheusi tii mpaka kwenye ukucha, vingine safi. Nikakicheka, nikaenda zangu kulala.

Asubuhi nilivaa gauni la maua nililolipiga pasi mara mbili mbili. Foleni ilikuwa imechangamka kama ya harusini. Msichana mbele yangu, kura yake ya kwanza hiyo, alikuwa hatulii, mara ajitazame viatu, mara aniulize karatasi inakunjwaje. Nikamwonyesha kwa leso yangu. Na mimi, uzee wote huu, moyo ulikuwa unanidunda kama wake.

Kituo kilikuwa darasani, kunanukia chaki. Msimamizi, kijana wa miwani, akaomba mkono wa kushoto. Nikampa huku natabasamu. Yeye tabasamu likamyeyuka usoni.

"Bibi, wewe umeshapiga kura."

Nikamweleza kazi yangu, nikasema ni rangi ya nguo ya mteja. Ya nani, sikutaja, niliahidi. Akaniambia kwa upole kwamba jina langu kweli halijawekewa alama, ila huenda nimepiga kituo kingine. Kidole chenyewe ndicho kile kile cha wino, na kiko peke yake. Mawakala wote wakikubali, nitapiga. Mmoja akikataa, nirudi nyumbani.

Wakala wa mkunga akakubali hata kabla hajaulizwa, watu wakamcheka. Nyuma yangu mtu akanung'unika kuhusu vikongwe wezi. Macho yote yakamgeukia wifi.

Alikuwa kakaa wima, mikono magotini, ile sketi inang'aa. Akatazama kidole changu, akatazama mapaja yake. Nilijua anachopima. Akitikisa kichwa tu, mkunga kapungukiwa kura, na sketi inabaki mpya. Nikaliona bomba likitoka ardhini na mizizi yake.

Wifi akasimama, akazunguka meza, akanishika kidole na kukilaza kwenye pindo la sketi. Weusi ule ule.

"Mpe karatasi," alimwambia msimamizi. "Sketi hii ni kuukuu, jana kanitilia rangi yeye. Hajapiga kura huyu."

"Si ulisema mpya?" mtu akauliza kwenye foleni.

"Niliwadanganya. Tulia, mtu anataka kupiga kura."

Darasa zima likaangua kicheko, hata msimamizi akavua miwani kuifuta. Wifi akaninong'oneza sikioni, "Najua unampa nani. Kampe. Nikimshinda mkunga wako nataka nimshinde na kura yako ikiwa humo ndani."

Kidole cha kushoto hakikuwa na pa kupaka, nikatiwa wino kwenye cha kulia. Nikaingia nyuma ya boksi la kuficha kura, nikaweka alama taratibu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Nilipoitumbukiza karatasi sandukuni niliinama kidogo nisikie ikitua juu ya za wenzangu. Nilipotoka nilikuwa natembea kama nimevuliwa miaka.

Mkunga alishinda. Wifi alininunia, nikamwacha anune. Halafu siku moja nikiwa bombani nachota maji, nikamwona anakuja mchana kweupe, blauzi iliyopauka kaitundika begani kila mtu anaiona, na mkononi kashika glavu mpya.

"Vaa hizi," akasema. "Uchaguzi mwingine sitakutetea."