Kiti cha Dereva Kimegeuka

Mimi si mtu wa kungoja. Nimeendesha lori tangu ndevu zikiwa chache mpaka zimekuwa nyeupe, na tangu nistaafu nimegundua kwamba nyumba haina usukani. Naingia sebuleni, natoka kibarazani, narudi, nafungua friji, nafunga. Mke wangu akaniambia siku moja kwamba nikiendelea hivyo nitamtobolea sakafu. Ndipo nikanunua gari dogo la mizigo, lenye mlango wa kuteleza ubavuni, nikaanza kuligeuza nyumba ya kusafiria. Kitanda nilipiga mwenyewe, kabati nilipiga mwenyewe, jiko la gesi nikalifunga nyuma ya viti vya mbele. Kilichobaki ni mama watoto kukubali kuja.

"Nitakuja," alisema, "lakini sitaki kuzungumza na ubavu wako. Tukisimama kula, nataka nikuone uso."

Sharti lilikuwa hilo tu. Nilijua akikataa sitakwenda popote, maana kusafiri peke yangu nimesafiri kiasi cha kutosha, na kubaki ndani ya kuta zile nilikuwa nimeshindwa. Kwa hiyo tukamtafuta fundi wa kutufungia vitako vinavyozunguka chini ya viti vya mbele.

Fundi mwenyewe wateja wake humwita Kesho, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alikuja kwetu nyumbani, akatueleza kazi kama anayefundisha shule. Kitako ni mabamba mawili ya chuma yenye mhimili katikati. La chini linafungwa kwa bolti juu ya sanduku la kiti, la juu linashika kiti chenyewe. Ukivuta kishikio, kufuli inaachia na kiti kinageuka kukabili cha pili, hata mpaka kinatazama nyuma. Alianza na cha abiria. Kila bolti aliikaza, akaipapasa, akaikaza tena, huku mimi nikimzunguka na spana ambayo hakuna aliyeniomba.

"Mzee, si ukae?" akasema.

"Nikae wapi, na viti umeving'oa?"

Cha abiria kilipokamilika mke wangu alipanda na kikombe chake cha chai, akajigeuza, akajigeuza tena, akacheka kama msichana. Moyo wangu ulitulia kidogo. Nikaona tayari tumeshaondoka.

Cha dereva kikaleta ukaidi. Kilifungwa vizuri, lakini kilipofika robo ya mzunguko kiligonga breki ya mkono, ambayo kwenye gari lile imesimama katikati ya viti viwili. Kesho akachungulia, akatikisa kichwa bila wasiwasi.

"Hakipiti mpaka breki ilale. Kikishapita, unainua tena. Kwa hiyo kila mkitaka kukigeuza, utaratibu ni huu: unaweka gia, unaweka mawe nyuma ya magurudumu, ndipo unashusha breki. Ngojeni nilete mawe."

"Kwani hatuwezi kujaribu mara moja tu?"

"Haraka haraka haina baraka, mzee."

Akaenda nyuma ya nyumba kwa mwendo wake wa kuhesabu majani. Methali ile nimeichoka tangu utotoni. Walionitumia huko na huko kupeleka saruji hawakuwahi kunitajia baraka. Gari lilikuwa limetulia, pua imeelekea nyumbani, mgongo umeelekea lango, na uwanja wetu una mteremko mdogo ambao mtu hauoni mpaka amwage maji. Gia sikuigusa. Kwenye lori breki ya upepo ikishashika imeshika, mambo ya kuegesha na gia ni ya wenye magari madogo, na mimi sikuwahi kuwa mmoja wao. Nikalaza breki, nikavuta kishikio, na kiti kikanizungusha kwa ulaini wa ajabu mpaka nikatazamana na mke wangu kwenye kiti chake, magoti kwa magoti.

"Umeona?" nikasema.

"Nimeona," akasema, akitazama nje kupitia milango ya nyuma. "Ila mbona lango linatufuata?"

Miguu yangu ikatafuta breki, ikakuta jiko la gesi. Nikapapasa usukani, nikapapasa hewa. Yote niliyoyajua maishani yalikuwa nyuma ya mgongo wangu. Mke wangu, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, alitupa kikombe, akaishika breki ya mkono kwa mikono miwili na kuinyanyua kwa nguvu zake zote. Gari likalia, likasimama, bampa imebakiza upana wa kiganja kufika langoni. Kesho akatokea na jiwe kila mkono.

"Mzee," akasema, "mawe ndiyo haya."

Akayaweka nyuma ya magurudumu taratibu, akaenda kukaa mbali chini ya kivuli cha ukuta. Mimi nilikuwa nimeloa chai na nilijua safari imekufa. Nikaanza kuinuka.

"Usishuke," mke wangu akasema.

"Nikaangalie bampa."

"Bampa ni nzima. Kaa."

Nikakaa. Akanitazama kwa muda mrefu, na hapakuwa na kioo cha mbele cha kukimbizia macho.

"Unakimbia nini kwenye nyumba yangu?"

"Hilo hilo," nikasema. "Umesema nyumba yako. Kila kitu mle kina mahali pake ulipokipangia wewe. Vyungu, funguo, hata majirani. Mimi ndicho kitu pekee kisicho na pa kukaa. Naogopa nikitulia utagundua hunihitaji."

Alikunja kitenge chake kilicholowa, akakikamua mlangoni.

"Nilikuhitaji, nikangoja, nikazoea," akasema. "Sikudanganyi. Lakini yapo mengi niliyokuwekea nikuhadithie utakaporudi. Ukirudi unalala, ukiamka unaondoka. Mimi hicho kiti nimekitaka kwa hayo."

Akaanza palepale, na siku nilipoondoka mara ya kwanza baada ya harusi, na mvua iliyonyesha, na paa lililovuja, na nani alikuja kuliziba. Nilisikiliza. Mengine yaliniuma, mengine yalinichekesha, na mara mbili mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kishikio cha kiti nikaurudisha. Jua lilihama kutoka kwenye mlango wa ubavuni mpaka wa nyuma. Kesho alikusanya spana zake, akaaga, hatukumsikia vizuri.

Hatimaye uvumilivu ukanishinda.

"Mama watoto, sasa tutaondoka lini?"

"Nikimaliza."

"Kwani umefika wapi?"

Akafikiri kidogo, akijihesabia vidoleni.

"Kifungua mimba wetu," akasema, "bado hajaota jino."