Ngamia na Trei ya Mayai

Mjomba alikuwa kinyozi, na kutoka nyumbani hadi kibandani kwake wimbo mmoja hauishi. Kwa safari hiyo nzito alinunua baiskeli ya kuvukia mabara: chuma kinene, matairi ya kutisha, mabegi manne yasiyopitisha maji na kengele ya kuamsha wafu. Akaiita Ngamia. Mpaka siku hiyo Ngamia alikuwa hajavuka bara lolote. Alikuwa amevuka barabara.

"Na wewe na kijibaiskeli chako hicho," alimwambia mpwa wake, binti aliyebandikwa naye jina la Unyoya, "likizo hii ziwani huendi. Njia itakikunja kama waya wa kuanikia nguo."

Safari hiyo Unyoya aliiota mwaka mzima wa shule, na mama alishasema: mjomba akikataa, yamekwisha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Si umeniamkia asubuhi?"

"Hii ni ya kukupa pole mapema. Nipe mtihani. Nikishindwa, ziwa nitaliona kwenye picha."

Mama mdogo, mwoka mikate wa kule kilimani, alikuwa anasubiri trei mbili za mayai. Wakakubaliana: kila mtu na trei yake, na wa kwanza kufikisha mayai mazima ndiye mwenye baiskeli ya safari.

Unyoya aliilaza trei yake kwenye kapu la baiskeli yake, katikati ya mito miwili ya kulalia. Begi la Mjomba lilikuwa jembamba, kwa hiyo trei ikasimama wima, ikiegemea jiko la kambini.

"Si ulitoe hilo jiko?"

"Msafiri haachi jiko."

Wakaanza kupanda. Unyoya alipaa kama aliyeitiwa chakula, na nyuma yake Ngamia alikuwa anahema, au labda ni Mjomba. Karibu na kilele mtaro ulikata njia. Unyoya akashuka, akainyanyua baiskeli yake na kapu lake, akavuka kwa kunyata.

"Ngamia hashuki!" alinguruma Mjomba. Akatumbukia mtaroni, akaibuka ng'ambo, akampita huku akipiga kengele.

Unyoya alipofika kwa Mama mdogo, Mjomba alikuwa ameshakaa kizingitini akijipepea kwa kofia. Mabegi yake makavu, hata alama hakuna. Ziwa likaanza kukauka machoni pa binti wa watu.

Mama mdogo akafungua kapu, akahesabu kwa kidole. Mazima. Akafungua begi, akachungulia.

"Kaka, nilikuagiza mayai au uji?"

Begi lile halikuruhusu tone liingie. Kwa uaminifu uleule halikuruhusu tone litoke. Jiko la kambini lilikuwa linaogelea.

Mjomba alilitazama begi lake kwa heshima zote za msiba.

"Begi lenyewe lakini zima," akasema.

Asubuhi ya safari Ngamia alipata kazi hatimaye: alibeba hema, sufuria, jiko lililosuguliwa mara tatu, na mito miwili ya Unyoya. Mayai ya safari Unyoya aliyabeba mwenyewe, mbele kabisa, akipiga mluzi.