Jalada Tupu la Anneth

Neno lilitoka gulioni Keza, likamganda Restituta kama kupe. Kwamba daftari la mtu aliye mbali, likipambwa jalada vizuri, mwenyewe hulifuata. Jirani yake Niragira alimweleza wakichambua maharage: mama mmoja wa Nemba alipamba la mwanawe, jioni akamkuta jikoni anaomba maji ya kunawa.

"Alishangaa?"

"Ashangae nini? Alimpa maji."

Restituta alikuwa na daftari la namna hiyo ndani. Binti yake Anneth alilitengeneza mwenyewe akiwa kidato cha pili. Alikunja karatasi za kuchorea, akazishona kwa uzi wa katani, akakata boksi la sabuni kuwa majalada. Ndani alichora kuku, migomba, na miguu ya baba yake iliyopasuka nyufa. Majalada aliyaacha matupu, akisema atayapamba likizo. Likizo ilipofika, baba yake, Projestus, alimwoza kwa Shibuda wa Nyakahura, mtu mzima mwenye ng'ombe wengi. Mahari ilikuja kwa miguu. Ng'ombe wengine waligawiwa baba wadogo na wajomba. Jike mwekundu alibaki hapo nyumbani. Tangu siku ile, pikipiki ikipunguza mwendo njiani, Restituta hutoka nje na mwiko mkononi.

Aliishia darasa la saba, na kuchora hajui. Kusiriba anajua. Alichota kinyesi kibichi cha ng'ombe, akakikanda na majivu mpaka kikalainika, akakipaka juu ya boksi na kukiinua kwa vidole kuwa matuta madogo, mistari ya pembe pembe, kama bibi yake alivyokuwa akipamba kuta. Akaanika kivulini. Kilipokauka akajaza weusi wa masizi, wekundu wa udongo wa kichuguu na weupe wa chokaa. Pembeni akabandika kipande cha sare ya Anneth kwa uji wa muhogo.

Jioni Anneth akatoka kwenye jalada. Ulitangulia mkono, kikafuata kilemba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fungia kuku kwanza, halafu uje ukae."

Akafungia kuku, akakaa, akaanza kuchora sufuria iliyokuwa motoni. Projestus aliporudi kutoka malishoni aliuliza habari za Nyakahura, akaambiwa salama. Ng'ombe mwekundu akalia mlangoni mwa zizi. Anneth akasimama katikati ya neno, akaingia kwenye jalada na penseli yake.

Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Niragira alimleta mjukuu wake achorwe, akalalamika kwamba pua imezidi.

"Pua ni ya baba yake, bibi. Mimi sikuongeza."

Wakacheka. Ng'ombe akalia, Anneth akaondoka. Siku moja Restituta alimshika mkono kabla ng'ombe hajalia.

"Mwanangu, lala hapa. Asubuhi twende shule tukamwone mwalimu."

Anneth aliinama akalinusa jalada. "Mama, kinyesi hiki ni cha ng'ombe yupi?"

"Yule mwekundu. Kwani tuna mwingine?"

"Basi ndiyo maana. Huyo alikuja badala yangu. Akiitwa zizini, na mimi naitwa kwa Shibuda."

Restituta akaomba kinyesi cha ng'ombe wa Niragira, akasiriba juu ya kile cha kwanza. Kulipokucha kilikuwa kimebanduka chote. Akajaribu kukwangua kwa kisu, boksi likachanika kidogo, na jioni ile Anneth alikuja akichechemea. Akaacha. Akamwendea mumewe.

"Baba Anneth, mrudishe ng'ombe."

"Mwenye ndama? Maziwa unakunywa, halafu nimrudishe, nionekane mtu asiyeshika neno lake?" Projestus alikuwa anachonga kigoda kipya cha binti yake, wala hakuinua macho. "Ulilia unataka kumwona, unamwona. Nani hapa Keza ameoza binti akaonana naye kila jioni?"

Watu walimuunga mkono. Hata kanisani walisema Projestus ameoza vizuri. Kigoda kilikwisha, Anneth akakikalia, akasema ahsante baba. Mpaka leo huja, huchora, huulizwa habari na kujibu salama. Restituta hukaa karibu naye, magoti yakigusana, akimkumbuka ilhali yuko mbele yake. Kisha ng'ombe hulia.

Kwa mama mwenye daftari la mtoto nyumbani, ya kuepuka ni haya:

Usianike jalada juani, litapasuka.

Uji wa kubandikia usiuache ukalala, utachacha.

Usikwangue kilichokwisha kukauka. Anayeumia si boksi.

Usimzoee mtoto wa jioni ukasahau usiku yuko kwa nani.

Usiseme mambo ya mahari ni ya wanaume, ng'ombe wakiwa bado njiani.

Usiwafungulie zizi.